Mlinzi wa Pori Alipwe wa Kwanza

Ndugu msikilizaji, uliyeko Katesh au Haydom, Dongobesh au Basotu, uliyewasha redio jikoni na uliyeifunga kwenye baiskeli ukitoka mnadani, leo nataka tuzungumze habari ya malipo ya watu tunaowaona wakipita kwa miguu na sare zilizopauka, wakielekea porini asubuhi na kurudi jioni na vumbi hadi kwenye kope. Tunawasalimia, tunawapa maji wakiomba, lakini ni nadra tuwaulize mwezi umewaachia nini mfukoni.

Nianzie Hanang. Kabla hapajakuwa na mtu aitwaye askari wa wanyamapori, jamii za hapa zilikuwa na utaratibu wake wa kumlipa mtu aliyekabiliana na mnyama mkali. Kijana wa Kibarabaig aliyemuua simba, tembo, nyati au kifaru alihesabiwa kuwa amemuua adui wa watu. Alipakwa siagi, akavikwa mapambo ya kina mama, akazungushwa kwa ndugu na jamaa, nao wakampa ng'ombe. Mwanaanthropolojia George Klima, aliyefanya utafiti wake kwa Wabarabaig miaka ya 1950, aliyaandika haya katika kitabu alichokitoa mwaka 1970, na wazee wa Katesh hawahitaji kitabu kukueleza. Kijana asiye na kitu alitoka porini maskini akafika nyumbani na mwanzo wa zizi.

Leo simba yule yule analindwa na sheria. Ilikuwapo Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 1974, kisha ikaja Sheria Namba 5 ya mwaka 2009, na aliyekuwa akipewa ng'ombe kwa kuua sasa anapelekwa mahakamani. Sheria hizo siziteti kwa shingo upande, naziunga mkono kwa moyo wote, kwa sababu nimewaona wanyama wakipungua katika umri wangu mwenyewe. Lakini mila ile ilikuwa na jambo moja ambalo sheria mpya hazikulibeba. Ilijua kwamba mtu aliyejitia hatarini kwa ajili ya wote anadaiwa na wote, na deni lake lina kwato na pembe, linahesabika. Je, yule anayekesha ili simba asiuawe, anayezunguka siku nzima akinasua mitego ya waya ili pofu azae, yeye tunampa ng'ombe wangapi?

Tuwatenganishe kwanza watu hawa, maana kwa mbali wote wanaonekana wamevaa kijani.

Wako watumishi wa serikali. Hawa ni Jeshi la Uhifadhi wa Wanyamapori na Misitu, linalowakusanya askari wa Shirika la Hifadhi za Taifa, TANAPA, wa Mamlaka ya Ngorongoro, wa Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori, TAWA, na wa Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Ukipanda Mlima Hanang, unaingia katika hifadhi ya mazingira asilia iliyo chini ya TFS, na askari utakayemkuta pale ni mtumishi wa umma kama mwalimu na muuguzi. Kima cha chini cha mshahara serikalini kilipandishwa kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai 2025. Juu ya hapo kuna mfuko wa pensheni, bima ya afya, likizo yenye malipo, na cheo kinachopanda. Kazi yake ni ngumu na simwonei kijicho. Ila akivunjika mguu kule mlimani, iko ofisi inayojua jina lake na tarehe aliyoajiriwa.

Wako pia wafanyakazi wa kampuni za uwindaji wa kitalii katika mapori ya nchi yetu, na vijana kutoka mikoa hii huenda huko kutafuta kazi. Kambi ya uwindaji ina mwindaji bingwa, ambaye ndiye anayemwongoza mgeni, na chini yake kuna dereva, mpishi, mfuatilia nyayo, mchuna ngozi na mlinzi wa kambi. Msimu unaanza tarehe 1 Julai na kwisha 31 Machi, na mvua zikikolea barabara zinakatika na kambi zinafungwa. Mgeni mmoja anayekuja kwa safari ya siku 21 hutumia makumi ya maelfu ya dola. Mfuatilia nyayo, yule anayeinama na kusema nyati amepita hapa alfajiri na amechoka mguu wa nyuma wa kulia, anapata mshahara wa kawaida kabisa, halafu anangoja bakshishi siku mgeni anapofunga mizigo. Bakshishi ya safari nzuri inaweza kuzidi mshahara wa mwezi. Msimu ukiwa mbaya, au mgeni akiondoka amenuna kwa kumkosa chui, mikono inabaki mitupu, na Waswahili walishasema mkono mtupu haulambwi.

Hali hii si ya kwetu peke yetu. Kule Uingereza, nchi iliyotuletea idara ya wanyamapori mwaka 1919, mashamba makubwa ya uwindaji wa ndege yana walinzi wao wa kudumu. Mlinzi wa namna hiyo hupewa nyumba bila kodi, gari, suti nzito ya sufu yenye rangi ya shamba lile, posho ya chakula cha mbwa wake, na bakshishi kutoka kwa wawindaji jioni ya siku ya mawindo. Mshahara wenyewe si mkubwa, hayo mengine ndiyo yanayoujaza. Na kasoro iko hapo hapo: akifukuzwa kazi anahama nyumba, mke na watoto na mbwa, wote barabarani. Skauti wetu wa kijijini ana bahati moja ambayo Mwingereza hana. Nyumba ni yake, shamba ni lake, hakuna mwajiri wa kumtoa. Lakini bahati hiyo ina upande wake mchungu, nitaurudia.

Kundi la tatu ndilo lililonileta hapa mbele ya kipaza sauti. Hawa ni askari wa wanyamapori wa vijiji, ambao wengi wetu tunawaita maskauti tu. Si watumishi wa serikali kuu wala wa kampuni. Wamechaguliwa na kijiji chao, wengine wakapelekwa mafunzoni, kwa mfano kule Likuyu Sekamaganga, wilaya ya Namtumbo, chuo ambacho kazi yake ni kuwafundisha wanakijiji ulinzi wa maliasili. Wanarudi na cheti, wanapewa sare, na kuanzia siku hiyo wanajulikana kuwa ni watu wa pori. Swali la nani anawalipa, kiasi gani na lini, kila mahali lina jibu lake.

Na jibu la kuvutia kuliko yote liko kwetu, wilaya ya Mbulu, chini ya ukingo wa bonde, Yaeda.

Msikilizaji ambaye hujafika Yaeda Chini, ngoja nikuchoree. Unatoka Mbulu mjini, mahali pa baridi na mashamba ya ngano na maharage, unashuka ule ukingo mpaka joto linakupokea kama pumzi ya tanuri. Chini kuna mbuyu, mgunga, mkwaju, mawe makubwa, na magharibi milima ya Kidero. Hapo wanaishi Wahadzabe, kwenye vijiji vya Mongo wa Mono, Yaeda Chini na Domanga, pamoja na majirani zao Wadatoga wenye ng'ombe na Wairaqw wenye majembe. Wahadzabe wote kwa jumla, kuzunguka Ziwa Eyasi lote, ni watu wapatao elfu moja na kidogo. Wanakula mizizi, matunda ya mbuyu, asali wanayoonyeshwa na ndege mlembe, na nyama ya mnyama aliyeangushwa kwa mshale.

Mwaka 2007 bonde hilo lilikuwa karibu ligeuke shamba la uwindaji la wageni. Serikali ilikubaliana na kampuni ya Tanzania UAE Safaris, iliyohusishwa na familia ya kifalme ya Umoja wa Falme za Kiarabu, kwamba eneo kubwa la Yaeda liwe la uwindaji wao. Zilikuwapo ahadi za maendeleo kwa vijiji, kama kawaida ya mambo hayo. Wahadzabe walikataa. Habari ikafika magazeti ya nje, kelele zikawa nyingi, na kabla ya mwaka kwisha kampuni ikajitoa. Najiuliza mara nyingi vijana wa Mongo wa Mono wangepata kazi gani pale kama mpango ungepita. Pengine ufuatiliaji nyayo kwa posho ya siku na bakshishi, katika pori ambalo babu zao hawakuhitaji ruhusa ya mtu kulipita.

Kilichokuja badala yake kilianzia kwenye karatasi. Oktoba 2011 Wahadzabe walipata hati ya hakimiliki ya kimila kwa ardhi ya hekta zipatazo 20,000, iliyotolewa kwa jamii nzima na si kwa mtu mmoja mmoja. Shirika la Ujamaa Community Resource Team ndilo lililowasaidia katika safari hiyo, na kiongozi wake Edward Loure alipata tuzo ya mazingira ya Goldman mwaka 2016 kwa kazi ya hati za namna hii. Juu ya hati ile ukajengwa mradi wa kaboni, unaoendeshwa na kampuni ya Carbon Tanzania.

Kaboni inawachanganya watu wengi, kwa hiyo nieleze polepole. Mti ukikua unavuta hewa ya ukaa na kuihifadhi kwenye shina na mizizi. Ukikatwa na kuchomwa, hewa ile inarudi angani. Sasa yako makampuni na watu wa mbali wanaotaka kulipa ili misitu isimame, wakihesabu kuwa hilo linafidia moshi wao. Wanalipa kwa cheti, na cheti hakitoki hivi hivi. Lazima ithibitishwe kwamba miti ya Yaeda imesimama kweli, kwamba mashamba mapya hayakufunguliwa ndani ya eneo lililopangwa, kwamba wachoma mkaa hawakuingia. Picha za setilaiti zinasaidia, lakini yuko mtu anayetembea chini, anayeona kisiki kibichi, anayeandika tarehe na mahali, anayeona nyayo za tandala na kuziingiza kwenye kumbukumbu.

Mtu huyo ni skauti.

Kwa hiyo, msikilizaji, tuliweke sawa. Tumezoea kumwona mlinzi kama gharama pembeni ya biashara, kama mlinzi wa usiku wa duka. Duka linauza sukari, mlinzi anaangalia kufuli. Yaeda mambo si hivyo. Kinachouzwa ni ule ukweli kwamba pori limesimama, na anayeusimamisha na kuuandika ukweli huo ni skauti. Bila daftari lake hakuna bidhaa. Yeye ni mkulima wa zao hilo hasa, na sijaona kilimo cha haki ambacho mkulima analipwa kwa kilichobaki baada ya wote kula.

Nasema haya kwa sababu najua bajeti za vijiji vyetu zinavyopangwa. Fedha za mradi zikiingia kwenye akaunti, mkutano mkuu wa kijiji unaitwa. Kuna zahanati isiyo na paa, kuna madawati, kuna chakula cha watoto shuleni, kuna mahitaji ya shule ya waliofaulu kwenda sekondari, kuna mama aliyepelekwa Haydom, ile hospitali ya Walutheri iliyoanza mwaka 1955, na bili yake imebaki. Nani atanyoosha mkono aseme tuwaongezee maskauti? Wenyewe ni vijana wetu, watavumilia. Yaeda wana sifa moja wanayostahili: mradi ulianza na malipo ya maskauti kama sehemu ya matumizi yake ya msingi, na jamii zikaendelea kutumia fedha hizo kwa matibabu na elimu pia. Sehemu nyingine za mkoa na nchi, skauti anapewa posho pale fedha inapopatikana.

Tuchukue mfano wa hesabu, ni mfano wangu tu. Skauti analipwa shilingi 10,000 kwa siku ya doria, na kijiji kina uwezo wa siku 10 kwa mwezi. Hiyo ni 100,000. Mfanyakazi wa shamba, kwa amri ya mishahara iliyoanza kutumika Januari 2023, alipangiwa kima cha chini cha 140,000 kwa mwezi, na amri iliyofuata imepandisha viwango vya sekta binafsi kuanzia Januari 2026. Kwa hiyo anayepalilia vitunguu vya mwenzie bonde la Eyasi anatambuliwa na sheria kwa kiwango kikubwa kuliko anayekabili jangili mwenye mshale wa sumu. Na zile siku 20 zilizobaki, je, skauti si skauti? Majangili hawana ratiba ya siku 10. Akisikia mlio wa shoka usiku wa siku isiyo ya posho, anaamka au anajigeuza upande wa pili?

Ziko njia nyingine za kumlipa mlinzi zilizojaribiwa karibu nasi, na nyingine ni za busara. Pale Babati, wilaya iliyokuwa sehemu ya Hanang mpaka mwaka 1985, kuna msitu wa miombo wa Duru-Haitemba. Katikati ya miaka ya 1990 vijiji vya pale vilikabidhiwa ulinzi wa msitu wao, jambo lililokuwa geni nchini na ambalo baadaye lilisaidia kuzaa Sheria ya Misitu ya mwaka 2002. Vijiji vile havikuwa na fedha. Vikawasamehe walinzi wa msitu kazi za kijumuiya, kama kuchimba barabara na kubeba mawe ya shule, na vikawapa sehemu ya faini walizotozwa wakataji miti. Msamaha wa kazi za kijiji ni malipo yanayoheshimika. Muda ni mali, na kijiji kinalipa kwa kile kilicho nacho. Ningependa kila kijiji cha Hanang kinachotegemea kamati yake ya maliasili kifanye hivyo kesho, hakihitaji mfadhili.

Sehemu ya faini ndiyo inayonitia wasiwasi. Mlinzi akifanya kazi yake vizuri kabisa, hakuna anayekata mti, hakuna faini, hakuna malipo. Amefaulu, amekosa. Akitaka kula, lazima mtu akosee. Mwenye njaa anaanza kuona makosa ambayo jana hakuyaona: mama mwenye mzigo wa kuni kavu, mtoto aliyefuata mbuzi aliyepotea. Majirani nao wanaanza kumwona kama mtoza ushuru. Mimi sikubali faini iwe mshahara wa mtu yeyote mwenye mamlaka ya kukamata.

Utalii nao una tabia zake. Hifadhi ya Jamii ya Burunge, hapo kati ya Tarangire na Ziwa Manyara, inaonyesha kwamba vijiji vinaweza kupata fedha kwa hoteli na wageni wa picha na wa uwindaji, na nusu ya mapato ya jumuiya ikagawiwa vijijini. Ni jambo kubwa. Lakini mwaka 2020 ulipofika na ugonjwa wa korona, watalii waliokuja Tanzania walishuka kutoka zaidi ya milioni 1.5 mwaka 2019 hadi kama 620,000. Ndege haziji, hoteli hazilipi, na mahali pengi mlinzi akawa wa kwanza kuambiwa asubiri. Tembo hakusubiri, wala mwenye mtego wa waya. Kaboni haikutegemea ndege kutua Kilimanjaro, na hilo ndilo lililoipa Yaeda uimara wakati ule. Nayo soko lake hupanda na kushuka, kwa hiyo nisingemshauri mtu aweke mayai yote humo. Kijiji chenye akili kinaweka akiba ya mishahara ya maskauti ya mwaka mzima, benki, kabla hakijanunua bati la kwanza.

Nilisema nitaurudia ule upande mchungu. Skauti anaishi miongoni mwa wale anaowazuia. Askari wa serikali akimkamata mtu Mongo wa Mono, mwisho wa mwaka anaweza kuhamishiwa Katavi. Skauti wa kijiji anamkamata mtu leo, kesho wanakutana kisimani, keshokutwa kwenye mazishi, na mwezi ujao kijana wake anataka kuposa katika ukoo ule ule. Mwenye ng'ombe aliyeambiwa aondoe mifugo kwenye eneo la hifadhi wakati wa kiangazi hana moyo mbaya. Nyasi zimeisha kwake, na kwa Wadatoga wa Hanang kumbukumbu ya malisho yaliyochukuliwa na mashamba makubwa ya ngano ya Basotu miaka ya 1970 bado ni mbichi. Mkulima anayefyeka kipande bondeni naye ametoka juu ambako shamba la baba limegawanywa kwa ndugu sita. Skauti anawajua wote kwa majina, anazijua shida zao, na bado anatakiwa aseme hapana. Hiyo hapana ina bei. Katika hesabu zote za miradi nilizowahi kuziona, haimo.

Kisha kuna siku ya balaa. Anakanyagwa na nyati, anagongwa na nyoka, anachomwa mshale. Kama ni mwajiriwa ambaye mwajiri wake anachangia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, anatibiwa na kulipwa, na akifariki wategemezi wake wana haki. Mchango wa mwajiri ni nusu ya asilimia moja ya mshahara. Kwa mshahara wa 200,000, ni shilingi 1,000 kwa mwezi. Elfu moja, msikilizaji, bei ya soda. Lakini kama skauti anahesabiwa kuwa amejitolea, jina lake halimo popote. Familia itaelekezwa kwenye kifuta machozi, kile ambacho kanuni za mwaka 2011 ziliweka shilingi milioni 1 kwa mtu aliyeuawa na mnyama, na ambacho viwango vyake vimepandishwa baadaye. Kifuta machozi ni kwa raia yeyote aliyekutwa na mkosi shambani kwake. Mtu aliyetumwa na kijiji kwenda kumkabili mnyama yule na mwindaji wake anastahili zaidi ya leso.

Na hapa nawageukia viongozi wa vijiji, kwa heshima, wenyeviti na maofisa watendaji. Halmashauri ya kijiji ni chombo kamili kisheria, kinaweza kumiliki mali, kuingia mikataba, kushtaki na kushtakiwa. Kwa hiyo kinaweza kuwa mwajiri. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya kazi yake kwa maandishi: kazi gani, wapi, saa ngapi, malipo kiasi gani. Tufanye hesabu ya kijiji chenye mapato ya kaboni na maskauti 10. Mshahara 200,000 kila mmoja, jumla milioni 2 kwa mwezi. Mchango wa mwajiri kwa mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, asilimia 10, ni 200,000. WCF 10,000. Jumla 2,210,000 kwa mwezi, 26,520,000 kwa mwaka. Si fedha ndogo, najua. Lakini ni fedha inayoweza kuandikwa kwenye bajeti na kutetewa mbele ya mnunuzi wa kaboni, na mnunuzi anayesema anajali watu wa msituni hana sababu ya kuikataa. Kanuni za biashara ya kaboni ambazo serikali ilizitoa mwaka 2022 zimeweka utaratibu wa mgawanyo wa mapato. Mahali pa kuudai mshahara wa mlinzi ni pale pale mezani, kabla mgawanyo haujaanza.

Jambo jingine linaniuma zaidi ya fedha. Mhadzabe anayesoma ardhi kama sisi tunavyosoma gazeti, anayejua kwa jani lililovunjika kwamba mtu amepita na amebeba mzigo, akitaka kuingia Jeshi la Uhifadhi anaulizwa cheti cha kidato cha nne, kisha astashahada ya chuo kama Pasiansi, Mwanza, na mara nyingi mafunzo ya JKT. Naelewa kwa nini jeshi linataka watu waliosoma. Kesi zinaandikwa, ushahidi unapelekwa mahakamani. Lakini nchi inayowalipa wataalamu kwa elimu yao ingeweza kabisa kuweka mlango wa pili kwa mtaalamu wa nyayo, ukawa na mtihani wake porini, mbele ya wazee na maofisa, na ngazi yake ya mshahara. Mafundi magari waliojifunzia chini ya mwembe wanapimwa na VETA na kupewa vyeti vya ujuzi walionao tayari. Kwa nini mfuatilia nyayo asipimwe?

Na sare, tafadhali. Buti za kutembea kwenye miiba ya Yaeda si zawadi ya kutolewa mbele ya kamera siku mgeni anapokuja. Ni kifaa cha kazi kama jembe, zina umri, zinachakaa, zibadilishwe kabla kidole hakijatoka nje. Turubai la mvua, tochi, simu yenye chaji, maji, chakula cha doria, dawa ya huduma ya kwanza, na njia ya kumfikisha majeruhi Haydom usiku. Skauti asinunue hivi kutoka kwenye posho yake. Nimesikia mengi kuhusu mapenzi ya watu hawa kwa pori lao, na nayaamini. Lakini mtu anayelipenda pori lake asigeuzwe kuwa mfadhili wake.

Kwa mujibu wa sheria, mkutano mkuu wa kijiji unakaa kila baada ya miezi mitatu, na taarifa ya mapato na matumizi inasomwa mbele ya watu. Wewe unayenisikiliza Domanga, Eshkesh, Gehandu au Endasak, utakapokaa kwenye mkutano unaokuja, taarifa ikifika kwenye kipengele cha ulinzi wa maliasili, simama. Uliza maskauti wetu wamelipwa miezi mingapi kati ya mitatu hii. Uliza kama wana mikataba, na iko wapi, tuione. Uliza kama kijiji kimesajiliwa WCF, na kama bado, mtendaji atalishughulikia lini. Na mama mwenye mume skauti, usinyamaze kwa kuona aibu kwamba jambo ni la nyumbani kwako. Wewe ndiye unayejua alirudi saa ngapi na alichorudi nacho. Sema kiasi hicho hadharani, kwa shilingi, kiandikwe kwenye muhtasari.